Sponji Mpya ya Mashauri

Katika mji ule sheria iliruhusu mtu kumpiga wa nyumbani mwake, mradi afunge ngumi kwa sponji ya kufungashia vyombo. Mashauri, mwenye nyumba wangu, kila alipomaliza kumtoa mkewe meno, aliwasha sigara kabla hajaifungua sponji mkononi.

Mkewe, Nyamizi, alikuwa fundi kiwandani. Sponji huumuliwa kwa gesi inayoshika moto, kisha hulazwa wiki nzima gesi itoke, ndipo iuzwe. Jioni moja akaleta mpya.

“Hii bado ina joto,” Mashauri akacheka. “Umeniokea mkate?”

“Imetoka mashineni leo, mume wangu.”

Akampiga mpaka akatema damu. Nyamizi akajikokota hadi mlangoni pangu.

“Babu, twende nje tukapunge upepo.”

Nikashika kofia. Nyuma yetu Mashauri aliuliza kiberiti kiko wapi.

“Mfukoni mwako,” Nyamizi akamjibu kwa upole.