Bolti za Tonton Willy

Tonton Willy mwenyewe ndiye aliyeshauri bolti zichomelewe.

Alikuwa amesimama kwenye kiwanja cha Cimpunda, mikono mfukoni, akimtazama Aloys, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyelala chini ya pikapu. Juu ya pikapu ilikaa nyumba ya Aloys: chumba kimoja cha mbao, na bati lake na pazia lake. Majirani walikuwa wameinyanyua alfajiri ikiwa nzima. Sasa Aloys alikuwa akiifunga kwa vishikizo alivyojitengenezea, vipande vya springi za lori bovu alivyovipinda na kuvikaza kwenye chesi kwa bolti nene.

Pikapu ilikuwa ya Willy. Aliitoa kwa moyo mkunjufu, maana kiwanja alishakiuza, na mnunuzi alitaka kukikuta kitupu kesho. Ni kweli, siku ya matanga ya kaka yake alisema mbele ya watu wote kwamba Aloys hatakosa pa kulala, kwamba uani kwake Nguba kuna nafasi. Ahadi ni deni, lakini maneno ya msibani nayo husukumwa na machozi. Mkewe, Maman Gisèle, aliposikia habari ya nyumba ya mbao kuletwa kwake, alisema hapana mara moja tu. Willy hajawahi kuthubutu kungoja ya pili.

"Sasa munaenda fasi gani?" aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu refu.

"Kwa famille, tonton," Aloys alijibu kutoka chini ya gari.

Willy akashusha pumzi. Famille, yaani wajomba zake wa Walungu, mbali huko, kwenye matope. Moyo ulimtua hata akawa mkarimu wa ushauri.

"Njia ya kule iko mubaya sana," alisema, akizinyoshea bolti kidole. "Bulo zitalegea. Choma zote, mutu asifungue hata moja."

"Tukizichoma, nyumba haitatoka bila kukata gari, tonton."

"Utakata kule munafika, pole pole. Mimi nataka tu ifike muzima."

"Itafika."

Ndani ya nyumba Noëlla, mke wa Aloys, alikuwa akipanga masufuria yake. Alishikwa na kikohozi cha ghafla, kirefu, mpaka Willy akampa pole ya vumbi.

Cheche ziliruka. Aloys alipomaliza, Willy alishika ukuta wa mbao akautikisa kwa nguvu zake zote, na gari zima likatikisika nao. Aliridhika kana kwamba kazi ile ameifanya yeye. Akamkabidhi Aloys ufunguo, akamwombea safari njema, akasema hana haja na gari mpaka Jumapili. Aloys alimshukuru sana, na shukrani zake zilitoka moyoni.

Siku nzima ofisini Willy alikuwa mwepesi. Alimsimulia kila aliyepita jinsi alivyomsaidia yatima wa kaka yake kuhama bila hata ubao mmoja kuvunjika, na wenzake wakamsifu. Sifa zile alizipokea zote, hakubakiza hata moja. Jioni akanunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kumfurahisha Maman Gisèle, akapanda pikipiki hadi Nguba.

Lango lilikuwa wazi. Mlinzi alikuwa amesikia honi ya gari la bosi, akafungua kama kawaida. Maman Gisèle alikuwa amesimama kibarazani, mikono kiunoni.

Pikapu ilikuwa mahali pake pa siku zote. Noëlla alichungulia dirishani juu yake, mwiko mkononi, akamwomba tonton radhi kwa moshi wa maharagwe, kisha akauliza kwa adabu choo kiko upande gani.