Karatasi ya Uzima

Siku hizi mzee anayeishi peke yake hutoa karatasi ya uzima kila Ijumaa. Unabonyeza simu, mashine ya mlangoni inachapa, karani wa mtaa anaichukua saa sita. Isipotoka, nyumba inahesabiwa tupu na kupewa mwingine.

Ijumaa hii nilibonyeza mara nne, mashine kimya. Nikaizima, nikaifuta vumbi kwa pindo la kanga, nikaiwasha tena. Kimya. Nikampigia mjukuu wangu Mwanaidi, yuko mbali.

“Bibi, simu iko kwenye mtandao wa nani?”

Nikasoma polepole. “Wa Bi Mize, jirani.”

“Si alifariki?”

“Jumatatu hii. Kahawa ya alasiri tulikuwa tukinywa kwake, simu ikazoea huko.”

“Basi ihamishie mtandao wako, bibi. Saa sita hiyo.”

Kabla sijaihamisha, dirishani nikamwona karani, mgeni kazini, akiupaka mlango wangu alama nyekundu. Akasogea kwa jirani, akachomoa karatasi nne kwenye mashine ya mlangoni kwake.

“Shikamoo, Bi Mize,” akasema huku akicheka. “Leo u mzima mara nne?”

Tangu Jumatatu hakuna aliyeniamkia.

“Marahaba, mwanangu,” nikaitika.