Uji wa Mnasanzi

Palikuwa na Kanga ambaye hakujua njia nyingine ya kupenda kitu ila kukilisha. Nzi walipowasumbua vifaranga wake machoni, jirani yake Chura alimpa mnasanzi, mmea ambao majani yake hutoa umande unaonata na kuwanasa nzi.

"Maji ya mvua na jua, basi," Chura alimwambia. "Usiutie kitu kingine."

Haukupita muda Kanga akarudi analalamika. Umande umekauka, na nzi wanatembea juu ya majani kama wako sebuleni kwao.

"Umeutia nini?"

"Samadi kidogo tu."

Chura alishusha pumzi, akaubadilishia mchanga, akamrudishia. Safari ya pili ulikuja umejaa majivu. Safari ya tatu ulinuka uji.

"Bi Kanga, nilikwambia nini?"

"Sasa mgonjwa asipewe hata uji, Bwana Chura? Una roho gani wewe?"

Chura aliona huyu hawezi kukaa bure, bora apewe kazi. "Uweke juani, uulinde. Yeyote atakayeuletea chakula, mdonoe."

Kanga alilinda kutwa kucha, akawadonoa hata wanawe. Umande ukarudi, nzi wakanaswa, vifaranga wakapumua. Majirani wakaja kuuliza dawa.

"Ni ule uji," Kanga akawaeleza. "Ulichelewa tu kufanya kazi."

Kesho yake Chura alipoinua kichwa kutoka majini, aliwakuta wamepanga foleni ukingoni kuomba minasanzi, kila mmoja na kibuyu chake cha uji. Akazama tena.