Jenerali Sufuria

Fundi alimponya adui yake tena.

Alibonyeza chupa ya dawa kwa kidole kilichojaa sugu, simu ikagoma. Akakipangusa kidole kwenye suruali, akabonyeza upya, na safari hii ikakubali. Kwenye kioo, shujaa wa mwisho wa Jenerali Sufuria akasimama wima na mkuki wake, nguvu zimemrudia. Zamu ya fundi ikaisha, sasa ilibidi angoje.

"Fundi, geti langu vipi?" mteja aliuliza kutoka mlangoni mwa karakana.

"Linakuja."

"Linakuja tangu juzi. Na wezi niwaambie wasubiri?"

Mashine ya kuchomelea ilikuwa baridi tangu asubuhi. Mteja alimtazama mtu mzima yule aliyeiinamia simu, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Asingeelewa. Mchezo wenyewe ni wa vijana: unakusanya mashujaa mmoja mmoja, unaunda jeshi, unapigana na mtu usiyemwona, zamu yako, zamu yake. Ni huohuo uliomfanya fundi aivunje simu ya mwanawe kwa nyundo, kisha akamzaba na kofi. Mtoto wao wa pekee, kijana mwenye ndevu tayari, akatoka na begi moja na namba akabadilisha. Na fundi, kwa hasira zake ambazo siku zote humtangulia, akamwambia mkewe, "Jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii." Mkewe hakubisha. Halikutajwa.

Hasira hasara. Zilipopoa, fundi akawa halali wala hali. Kwa siri akauingiza mchezo ule kwenye simu yake, maana jambo moja alilijua: yule kijana angeweza kuacha chakula, si mashujaa wake. Jina lake halisi hakuliweka, mtoto angekimbia. Alijiita Jeshi la Chini ya Meza. Huko chini ya meza ndiko mwanawe alikopiga kambi alipokuwa mdogo, sufuria kichwani, akijiita Jenerali Sufuria na kuwaamuru wazazi wake watambae. Duniani kote, waliozijua habari hizo ni watu watatu.

Akatega, akasubiri. Siku moja mtu akamwita vitani, na jina la mpinzani lilipotokea kwenye kioo, fundi alikaa chini kwenye vumbi la chuma akalia. Jenerali Sufuria.

Tangu hapo walikuwa kwenye pambano moja lisilokwisha. Fundi hakutaka kushinda wala kushindwa. Likiisha, nani ajuaye kama mtoto atarudi? Akimjeruhi kidogo, humponya. Ajabu ni kwamba Jenerali naye alicheza kwa upole. Zamani kijana alikuwa anavamia tu, liwalo na liwe. Sasa alikinga, alingoja, alimwacha aliyedhoofika apumue. "Amekua," fundi alijiambia, na kifua kikamjaa. Juma moja mkewe alipokwenda kumwuguza dada yake, mahali pasipo na mtandao, Jenerali naye alinyamaza, na fundi akakaribia kurukwa na akili. Nyumbani hakuna mtu, na simuni hakuna mtu.

Leo tangazo lilikuwa limebandikwa juu ya kioo: mchezo unafungwa kabisa, saa kumi na mbili jioni. Na sheria ya mchezo ilikuwa kwamba wapinzani hawaandikiani. Ni mshindi tu anayemwachia aliyeshindwa ujumbe mfupi, pambano likiisha. Ili aseme na mwanawe, ilibidi ampige. Tangu asubuhi alikusudia hivyo, na kila zamu yake ikifika mkono ulikwenda kwenye dawa. Ni mkono uleule uliompiga kofi.

Jua lilikuwa limeshuka ukutani. Mkewe alipita uani, macho mekundu, akaingia jikoni. Siku hizi alishinda huko hata pasipo na kinachopikwa. Fundi alitaka kumwita, amweleze yote. Lakini jina la mtoto, si yeye aliyelikataza?

Simu ikatetemeka. Jenerali Sufuria alikuwa amecheza: ameteremsha ngao. Shujaa wake amesimama wazi, kifua mbele.

"Mwanangu," fundi alinong'ona, "unataka nikupige?"

Akafumba macho, akabonyeza. Alipoyafumbua, shujaa yule alikuwa ameanguka, na kisanduku cha kuandikia kimefunguka, nafasi ya maneno machache tu. Saa kumi na mbili ilikuwa inagonga. Aliandika "Mimi ni baba", akafuta haraka; akiliona neno hilo si ataizima simu? Mtu ambaye hajawahi kumwomba radhi mteja wala mke, akaandika:

"Nisamehe. Nataka tukae pamoja tena."

Akatuma. Kioo kikawa cheusi.

Jikoni sufuria ikaanguka. Mkewe alitoka mbio, peku, simu ameishika kwa mikono miwili, analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mume wangu, utanigombeza baadaye! Najua ulikataza, lakini nimempata! Nilijiita lile jina lake la sufuria ili anione, na mimi nikamwona kwanza. Miezi yote hii nacheza naye kwa siri. Leo nimemwachia ashinde, na ameniandikia mwenyewe, soma hapa! Anaomba msamaha, baba, mtoto anataka tukae pamoja tena!"