Mche wa Kwenye Kona

"Chagua mche wowote, shemeji, uung'oe," Nyamizi alisema.

Misimu miwili alikuwa amepanda karanga badala ya pamba, ili minyoo inayokula mizizi ife njaa. Lushinge alimcheka, akaapa kulitwaa shamba la marehemu kaka yake, mume wa Nyamizi, pamba ikidumaa tena. Sasa pamba ilikuwa imepandwa tena, naye alikwenda moja kwa moja kwenye kona iliyokuwa ikinyauka kila mwaka.

Lushinge aling'oa, akapitisha kidole kwenye mizizi akitafuta vinundu vinavyoachwa na minyoo. Ilikuwa laini, bila kinundu, mpaka nchani.

"Shamba ni lako," alisema taratibu.

"Na karanga za mbegu ninazo, ukitaka."

Lushinge akavuka mpaka, akainama kwenye pamba yake yenye majani ya manjano, akashika shina, asilivute.