Usukani Mzito

Elibariki alifungua kizibo cha boksi la usukani, akachovya waya. Ukatoka mkavu, umeshika vumbi la kutu tu. Kuweka oili ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Na asubuhi hiyohiyo, mbele ya wapakiaji wote wa mchanga wa Chanika, alikuwa amempokonya baba yake ufunguo wa lori baada ya mzee kushindwa kukata kona. "Mzee, mikono imeisha nguvu. Kapumzike."

Akamimina oili mpaka ikafurika, akazunguka na lori uwanjani. Usukani ukageuka kwa mkono mmoja.

Alipopunguza mwendo, baba yake alikuwa amesimama kando, anajisugua bega. "Vipi, mwanangu, bado mzito?"

Elibariki akaushika usukani kwa mikono miwili, akakunja uso, akauvuta kwa nguvu.

"Mzito, baba."