Mtani Kutoka Ruangwa

Marehemu Nuhu aliingia uani asubuhi, kofia imelalia sikio la kushoto, mikono nyuma, akaanza kulalamikia ugali.

"Mama Amna! Huu ugali umeusonga au umeukanyaga?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walicheka hadi nyungo zikayumba. Mtani kutoka Ruangwa alikuwa amefika. Mzee wa watani huko alikuwa amepigiwa simu, akaahidi kumtuma mwanawe Masoudi, na huyu kijana alipotokea tu, Wifi Somoe, dada wa marehemu, akamkabidhi kanzu na kofia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani: kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, na kuwachokoza wafiwa mpaka wasijue kama wanalia au wanacheka.

Na hapa Mnero kazi ilikuwapo. Tangu mazishi, Bi Sofia, mjane, hakuwa amelia wala kula. Alikaa eda chumbani, nyuma ya pazia, akiutazama ukuta. Binti yake Amna alikuwa amejaribu uji, amejaribu kunde, amejaribu kumpigia magoti. Sasa aliogopa kwamba watachimba kaburi la pili udongo wa la kwanza ukiwa bado mbichi.

Mtani alizunguka uani. Akachungulia banda la kuku, akawahesabu kwa sauti, akakosea, akawalaumu kuku. Akaletewa chai, akainusa.

"Mama Amna, sukari ya nyumba hii imeolewa kijiji gani, mbona haionekani?"

Nyuma ya pazia, mkeka ulikwaruza.

"Ameyajulia wapi haya?" Amna alinong'ona. "Baba nje alikuwa mpole. Makelele yake yote yalikuwa ya ndani."

"Watani hawakosi wapelelezi," Wifi Somoe alisema, akijifuta machozi ya kicheko.

Mtani akasogea karibu na pazia, akajishika kiuno.

"Haya, kesho naenda Ruangwa kufuata bei ya ufuta. Nikirudi nisikute ugali wa namna hii."

"Ufuta gani mwezi wa pili?" Sauti ilitoka chumbani, imekwaruka, lakini kali. "Kila mwezi ufuta, kila mwezi Ruangwa! Ghala tupu, unakwenda kuuza nini, maganda? Nenda, na huko huko ukapikiwe!"

Uani pakalipuka. Bi Sofia naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetekenywa bila kutaka. Kisha kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Alilia sana. Alipomaliza akaomba uji, akanywa bakuli zima, akasema umepikwa ovyo.

Amna alitoka nje kumshukuru mtani. Alimkuta nyuma ya jiko, ameinamia magoti, mabega yakimtikisika.

"Mtani gani huyu analia kuliko wafiwa?" Wifi Somoe alimchokoza.

"Ni moshi, shangazi," akajibu bila kuinua uso.

Jikoni moto ulikuwa umeshazimika.

Ndipo pikipiki ikaunguruma mbele ya nyumba. Jamaa mnene, vumbi hadi kwenye nyusi, akaingia mbio.

"Watani, nisameheni! Mimi Masoudi. Tairi limenipasukia njiani. Haya, nipeni kanzu nianze kazi!"

Kupepeta mchele kukasimama. Macho yote yakahamia nyuma ya jiko. Kijana alikuwa amesimama, anaivua kofia taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Na wewe ni nani?" Wifi Somoe akamuuliza.

Kijana akamkabidhi kofia kwa mikono miwili.

"Mleteni ndani," Bi Sofia akasema kutoka chumbani.

"Wifi! Uko eda. Mwanamume wa kando haingii humo."

"Mtoto wa Nuhu si wa kando. Mleteni ale na dada yake. Na wewe Masoudi, geuza pikipiki. Kuna mjane mwenzangu Ruangwa, naye hajapata wa kumchekesha."